Mlango wa Pipa

Kijiji kizima cha Minago kilijua kwamba mzee Silvano, wakati wa ukimbizi, alichomelea tumbo la meli kule Kigoma akiwa majini hadi shingoni, mamba mmoja akimshikia taa. Cheche zake, alisema, zilionekana mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na wavuvi wa huko wakakunja nyavu wakidhani kumekucha. Kila mwaka aliposimulia, meli iliongezeka urefu. Ukweli ni kwamba alikuwa akiwapikia mafundi uji.

Uongo huo haukumdhuru mtu mpaka mlango wake ulipopasuka.

Mlango wenyewe ulikuwa pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo kambini. Marehemu mkewe, Speciosa, alikwaruza juu yake kwa msumari majina mawili: Zabroni, Joanita. Ni watoto waliowazika huko huko. Kambi ilifungwa, makaburi yakapandwa mihogo, majina yakabaki kwenye bati lile tu, na waliporudi Burundi Silvano aliacha godoro ili mlango upate nafasi kwenye lori. Sasa kutu ilikuwa imekula upande wa bawaba, na ufa ulikuwa unapanda kumwendea Joanita.

Akaupeleka Rumonge kwa baiskeli ya Nuhu, muuza mawese, hadi karakana ya Warda, binti aliyerithi mashine ya kuchomelea ya baba yake.

"Amahoro, baba. Uache hapa, jioni utaukuta tayari," Warda alisema.

"Fundi wa meli atengenezewe mlango na mutoto?" Nuhu akadakia. "Leo Kalemie wataamka mara ya pili."

Watu wakacheka, wakasogea. Silvano alitaka kusema: mwanangu, nifanyie wewe. Maneno yakafika kooni, yakakuta ile meli imeziba njia.

"Lete mashine," akasema.

Warda akampa bageti nyembamba, kijiti cha kuchomelea. "Bati hii iko nyepesi, baba. Moto kidogo. Usiburute. Donoa kama kuku: nukta moja, ngoja ipoe, nukta nyingine."

"Mimi nilikuwa nachoma vyuma wewe ukiwa bado kwa Mungu."

Akachagua bageti nene kuliko zote, akafungua moto wa mashine mpaka mwisho, maana ndivyo angefanya mtu wa meli.

Bageti ikanata. Akaivuta, mlango ukainuka nayo, watu wakashika mbavu. Akaing'oa, akagusa tena, na safari hii moto ukashika. Nyuma ya kioo cheusi cha kinyago cha kuchomelea akaona tone la chuma linang'aa, zuri, linatembea. Akaliburuta kufuata ufa. Hakujua kwamba uzuri ule ulikuwa bati linaloondoka.

"Toa mkono, baba," Warda alisema. "Inatoboka."

Aliyechomelea meli hatoi mkono. Akataka kuziba tundu kwa moto mwingine, na tundu likazidi kula.

Alipovua kinyago, mahali pa Joanita palikuwa na shimo la kupitisha ngumi, kingo zake bado nyekundu. Ndani ya shimo aliona kandambili za Nuhu.

"Mzee," Nuhu akauliza, "ile meli iko inaelea bado?"

"Hakukuwa na meli. Nilikuwa napika uji."

Wakacheka kuliko siku zote. Uji! Mmoja akafuta machozi, akasema mzee hajawahi kutunga nzuri kama hiyo.

Warda peke yake hakucheka. Silvano akamrudishia bageti.

"Aliyebaki ni Zabroni," akasema. "Mfanyie wewe."

Warda akapunguza moto, akadonoa. Nukta, akangoja. Nukta, akangoja. Kisha akakata kiraka cha bati jipya, akaziba shimo. Kiraka kikatoka cheupe, safi, hakina neno.

Silvano akaomba msumari, akapewa. Akauinua juu ya kiraka, akakaa nao hivyo. Aliyejua kuandika nyumbani kwao alikuwa Speciosa.

"Nikuandikie, baba?"

"Hapana. Murakoze," akashukuru.

Nuhu akaufunga mlango kwenye baiskeli, bado anacheka uji.