Siku Mama Alipogoma Mlangoni kwa Nesi

Siku sanamu ya Mama Mazu, mungu wetu wa kike wa bahari, inapotolewa hekaluni kuzungushwa, mji wetu hauna mipaka. Ukungu unapanda kutoka baharini, moshi wa udi unatoka milangoni, moshi wa fataki unajaa barabarani, na vyote vikikutana hujui tena duka linaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Watu wanaibuka kutoka kwenye weupe ule, wanakutabasamia, kisha wanafutika. Mimi nakaanga mayai kwa chaza kwenye kona hiyo tangu nilipoolewa, na kila mwaka siku hiyo najiona kama nimeingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Ng'ambo ya barabara anaishi Siok-hun, nesi wa zahanati ya bandarini, mwanamke mrefu, mpole, asiyependa kusemwa wala kusifiwa. Kwa miaka mingi machela ya Mama, kile kibanda chake kinachobebwa mabegani, ikipita, yeye alikuwa pembeni na mkoba wake. Vidole vilivyounguzwa na fataki, wazee waliozidiwa na joto, watoto waliopotezana na mama zao wakalia hadi wakatapika, wote walipelekwa kwake. Hakuna aliyemwajiri. Alianza tu mwaka mmoja, na mji ukamzoea kama unavyoizoea taa ya barabarani.

Mwaka juzi bibi mmoja wa kijiji cha mbali alianguka mbele ya meza yangu. Moyo ulisimama. Siok-hun alimkandamiza kifua hadi moyo ukarudi, na ubavu mmoja ukavunjika, kama inavyotokea. Gari la wagonjwa lilikwama mbali kwenye umati. Bibi alipona. Lakini wanawe walikuja zahanati wakipiga kelele: "Nani alikutuma umguse mama yetu?"

Swali hilo ndilo lililomwumiza, kwa sababu hakuwa na jibu. Hekalu lilisema halikumtuma. Halmashauri ilisema haikumtuma. Wana hao hatimaye walitulia wakaenda zao, lakini Siok-hun akaanza kuota ndoto ileile: yupo kwenye msafara, mtu ameanguka, anapiga magoti, na akitazama mikono yake haioni.

Kwa hiyo mwaka jana, kikao cha maandalizi kilipoitwa hekaluni, alikwenda, na mimi nikamsindikiza. Mwenyekiti ni Bun-hiong, mwenye kiwanda cha barafu, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi. Halmashauri ilimleta Pei-shan, binti aliyehamia kwetu karibuni, mkali kama tangawizi.

"Nataka gari la wagonjwa lisimame hapa kutwa," Siok-hun alisema. "Nataka manesi wa kulipwa. Na nataka mmoja wenu aseme mbele ya watu kwamba wanaotibu wametumwa na yeye."

Bun-hiong akamgeukia Pei-shan. "Binti, umesikia. Hiyo ni kazi ya serikali. Kodi tunalipa."

"Mwenyekiti, aliyeita wageni ndiye anayewahudumia. Sisi tuna magari mawili kwa wilaya nzima. Nikiliegesha moja hapa likisubiri fataki zenu, mama mjamzito wa kule kwenye mabwawa ya samaki atabebwa na nini? Na toroli?"

"Nani kaita wageni? Mimi? Kaita Mama! Mpelekee yeye hiyo ankara."

Watu wakacheka. Pei-shan hakucheka. "Na sadaka wanazoacha hao wageni ni za nani? Za Mama, au za paa jipya?"

"Paa linavuja, binti!"

"Na watu wanaanguka, mzee wangu!"

"Kila mtu anakuja kwa miguu yake, na mwili wake. Miaka mia tumetembea bila hiyo gari yenu."

"Miaka mia mmezika pia."

Waliendelea hivyo hadi chai ikapoa. Nilichokiona ni kwamba kila walipofika mwisho wa maneno, wote wawili waligeuka wakamtazama Siok-hun. Naye alikiona.

"Ndiyo hapo," akasema polepole. "Mkishindwana, mnanitazama mimi. Mimi ndiye nimewafanya msiamue kitu miaka yote hii."

Bun-hiong akainuka. "Basi tumwulize Mama mwenyewe." Akachukua vile vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kama mwezi mchanga, akapiga magoti. Kimoja kikifunikwa na kingine kikifunuka, Mama amekubali. Vyote vikifunuka, anacheka. Vyote vikifunikwa, hataki.

"Mama, halmashauri ilipe?" Akarusha. Mama alicheka.

"Hekalu lilipe?" Akacheka tena.

Bun-hiong akajifuta jasho. "Basi Siok-hun aje kama kawaida yake?"

Mbao zikagonga sakafu, zikajifunika zote mbili. Mama hakutaka.

"Zimeshika unyevu," alisema mwenyekiti, na watu wakapata nafasi ya kucheka. Siok-hun alichukua mkoba wake, akamwinamia Mama, akatoka.

Siku ilipofika, ukungu ulikuwa mzito kuliko wote ninaoukumbuka. Siok-hun alikaa ndani, mlango wazi, akimenya magimbi. Nilimwona kutoka kwenye kikaango changu kama mtu aliyechorwa kwa maji. Ngoma zilisikika mbali, zikaja karibu, zikaenda mbali tena, maana kwenye ukungu sauti hazina adabu. Alisimama mara kadhaa, akakaa. Baadaye aliniambia kwamba mchana ule hakuwa na hasira hata kidogo. Alijisikia mwepesi kupita kiasi, kana kwamba mtu akifungua dirisha angepeperuka.

Kisha machela ikatokea. Kwanza tuliona pindo nyekundu zikielea, halafu paa dogo la dhahabu, halafu wabebaji, mashati yao yameganda mwilini kwa jasho. Fataki zilipasuka, kila kitu kikawa cheupe, na moshi ulipopungua machela ilikuwa imesimama mbele ya mlango wa Siok-hun.

Haikusonga. Iliyumba mbele, ikayumba nyuma, kama chombo kilichofungwa nanga.

"Mama amegoma!" mtu akapaza sauti. Watu wakaanza kupiga magoti barabarani. Hutokea. Mama akitaka kumwona mtu, husimama mlangoni kwake, na wabebaji hulemewa hata wawe na nguvu za nyati.

"Siok-hun!" wanawake wakaita. "Toka, dada, Mama anakuita!"

Bun-hiong alijitokeza kwenye moshi, shati limetobolewa na cheche. "Dada Siok-hun, unaona mwenyewe. Usimfanye Mama akusubiri."

Siok-hun alibaki kizingitini na gimbi mkononi. "Mwenyekiti," akasema, "huo mchezo umewafundisha wabebaji wewe?"

"Naapa mbele ya Mama, sijawaambia kitu!"

Akainua macho ili aitazame machela, na macho yakapitia nyuso za wabebaji. Wote walikuwa wekundu kwa jitihada, isipokuwa mmoja. Mjomba Tsun, dereva wa basi la pwani aliyestaafu, aliyekuwa kwenye mti wa kubebea, mbele upande wa kushoto, alikuwa na rangi ya majivu. Midomo ilikuwa ya samawati. Alikuwa ameukumbatia ule mti, miguu imekataa, na wenzake walikuwa wakisukumana na uzito wake bila kujua.

Gimbi lilianguka. "Mshusheni Mama! Mshusheni sasa hivi!"

"Dada, Mama hawekwi chini barabara—" mbebaji mmoja akaanza.

"Nimesema chini!"

Wakaishusha. Tsun akateremka nayo, taratibu, kama mtu anayejilaza nyumbani kwake. Siok-hun alikuwa tayari juu yake. Aliniambia kwamba kabla ya kumgusa aliitazama mikono yake. Ilikuwepo, yenye utomvu wa magimbi.

Alikandamiza. Aliwafundisha wabebaji wampokee palepale, mmoja baada ya mwingine, na wale watu waliozoea kubeba kwa mwendo mmoja walielewa upesi. "Hesabuni kwa sauti," akawaambia, nao wakahesabu, na umati uliopiga magoti ukaanza kuhesabu pamoja nao, kwa sauti ya chini, hadi barabara nzima ikawa inapumua kwa kipimo kimoja. Sijapata kusikia sala ya namna ile.

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama, kama mwaka juzi. Safari hii mbele yake alitembea Pei-shan, viatu mkononi, akisukuma meza za sadaka kwa nyonga na kuwatukana watu waliosimama. Wahudumu wa gari walimpiga Tsun mshtuko wa mashine ya moyo mara mbili pale chini, kivulini mwa machela. Kisha mguu wake ukatikisika, na bibi mmoja akaangua kilio.

Walipoondoka naye, Bun-hiong alikuwa bado amepiga magoti. Hakuwa akimtazama Mama. Alikuwa akiitazama ile sehemu tupu ya lami.

"Tsun alinibebea jeneza la baba yangu," akasema. "Nami nilikuwa nafikiri ni muujiza. Nilikuwa nimesimama hapa, nafurahi."

Siok-hun alikuwa ameketi kizingitini, mikono magotini. "Inuka, Mwenyekiti. Waambie watu kitu kimoja tu. Waambie ni nani amenituma."

Akainuka kwa shida, akawageukia watu. Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa kubwa, ilitoka ndogo. "Hekalu," akasema. "Hekalu limemtuma. Akiulizwa yeye, nimeulizwa mimi."

Tsun alirudi nyumbani kabla ya mavuno ya vitunguu. Husimulia kwamba alikuwa chini ya maji ya kijani, yenye joto, hana haraka, na juu yake watu wengi walikuwa wakihesabu kitu, akapata hamu ya kujua wanahesabu nini. Habebi tena. Hukaa kwangu asubuhi, na mimi humnyima chumvi.

Mabishano hayakwisha, msifikiri. Sadaka sasa hulipia manesi na gari la kukodi, na kila tajiri anayetaka kupasua fataki kwa jina lake huchangia pia. Halmashauri huiweka wazi njia ya nyuma ya soko na kuwaweka maofisa wake hapo. Lakini kila kikao Bun-hiong na Pei-shan hugombana juu ya nani atoe zaidi. Husikika hadi barabarani, na paa bado linavuja.

Walimwomba Siok-hun awe mkuu wa hao manesi. Alikataa.

Mwaka huu alivaa kofia ya majani na viatu vya kutembelea, akajiunga na msafara kama mtu yeyote. Nilifunga kikaango changu nikaenda naye. Tulitembea kwenye ukungu kupitia vijiji ambavyo hakuwahi kuviona siku hiyo, maana miaka yote alikuwa amesimama mahali pamoja. Karibu na tuta la bahari mtoto alilia; fataki ilikuwa imemrukia kidole. Siok-hun akageuka, mguu mmoja mbele. Manesi wawili vijana, wenye fulana za njano za hekalu, wakawahi, wakamchuchumalia mtoto, wakafungua chupa ya maji.

Akawatazama kidogo. Kwenye mlango wa jirani mwanamke tusiyemjua alikuwa akigawa uji mtamu wa choroko kwa wapita njia.

"Karibu, shangazi," akamwambia. "Umetoka mbali?"

"Si mbali," Siok-hun akajibu, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Akanywa akiwa amesimama, amefumba macho, mvuke ukimpanda usoni, na alipomaliza akaomba lingine.