Kindi Mkazi wa Mtaa wa Ostler

Verna Tjaden alikuwa anafuma punje za kifuani za vazi la hindi alipomwomba Gus ageuke. Gus aligeuka, akanyanyua mikono, akabana tumbo.

"Usibane," Verna alisema. "Ukibana leo, siku yenyewe utalipasua vazi."

Gus akaliachia tumbo. Alikuwa kindi wa kitambaa, kimo chake kama chupa ya maziwa, na pamba yake kwa miaka mingi ilikuwa imeteremka na kujikusanya kiunoni. Kila vuli Verna alimfumia vazi jipya la Halloween, sikukuu ya watoto kujigeuza kwa mavazi. Alikwisha kuwa boga, akawa popo, akawa mzimamoto mwenye kofia. Mwaka huu alitaka kuwa hindi bichi, maganda ya kijani yakimwangukia kutoka mabegani, na Verna hakuona sababu ya kumnyima. Ila punje zilikuwa kazi. Kila punje unaanza na kitanzi kimoja, unakizalisha vitanzi vingine ndani yake, unarudi, unavikusanya tena mpaka vivimbe. Tena alikuwa ameanza vibaya: kwa kuwa alimjua Gus kiuno na mabega, hakufuma kipande cha kujaribia, na alipofika makwapani akaona vazi linamtosha paka. Alifumua lote, akachukua sindano nyembamba, akaanza upya bila kulalamika.

Gus alianza kujigeuza mwenyewe wakati wa kupimwa mwaka ule mjukuu wa Verna, Junie, alipoingia darasa la kwanza. Verna alishukuru, maana mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Kusema alianza baadaye, na hakuwa msemaji. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye pamba mdomoni.

Junie alikuwa ameketi sakafuni akikunja uzi wa njano kuwa donge. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na kichekesho.

"Bibi, sikiliza tena. Kwa nini buibui hanunui soksi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Kwa nini?"

"Alijaribu mara moja." Junie alinyamaza kidogo. "Alipomaliza kuvaa ya nane, baridi ilikuwa imeisha."

Verna alicheka, ingawa alikuwa amekisikia tangu asubuhi. Huku Iowa watoto hawapewi pipi bure. Jioni ya kuamkia Halloween, tunayoiita Usiku wa Waombaji, hupita mlango kwa mlango na mavazi yao, na kila mlangoni husimulia kichekesho kwanza ndipo mkono uingie bakulini. Junie alikuwa akipita mtaa wa Ostler na bibi yake tangu alipoweza kupanda ngazi. Nyumba zote alikwisha kuzichekesha isipokuwa ile ya mbele, ng'ambo ya barabara, ya mzee Arvid Solum. Arvid kila mwaka alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeshaisikia," kisha akamtilia chokoleti mfukoni kwa heshima zote. Kichekesho cha buibui Junie alikitunga kiangazi kizima kwa ajili ya mlango ule mmoja.

"Hii hajaisikia," Junie alisema. "Haiwezekani. Imetoka kichwani mwangu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Darlene Voss wa kamati ya mtaa, majani makavu yamemganda kwenye viatu, mkononi boksi la bangili za plastiki za rangi ya machungwa.

"Sikai, Verna. Nagawa tu. Mwaka huu kila mtoto anayepita awe na bangili, bila bangili hakuna pipi. Unakumbuka mwaka jana? Magari yalipandisha na watoto kutoka ule mtaa wa chini ya daraja, saa moja haijagonga na watu wamebaki kugawa maboksi ya zabibu kavu. Arvid aligawa peremende za kikohozi."

"Zilikuwa tamu," Verna alisema.

"Haya. Una wakazi wadogo wangapi?"

"Sina."

Gus alikuwa amesimama juu ya meza, mikono bado juu, sindano zikimning'inia kiunoni. Darlene akamtazama.

"Na huyu?"

"Huyo ni Gus."

"Analala hapa?"

"Kwenye kochi," Gus alisema.

"Basi ni mkazi. Lete mkono, mpenzi." Darlene alimvisha bangili, akaona inazunguka mara mbili na kubaki, akaikata kwa mkasi wa Verna na kuibana vizuri. "Na hilo vazi linapendeza. Hindi, siyo? Hongera."

Junie alikuwa ameshanyoosha mkono wake pia.

"Wewe unalala wapi, mpenzi?"

"Kwa mama. Chini ya daraja."

"Ah. Basi huko chini mna utaratibu wenu."

"Hatuna," Junie alisema. "Taa za barabarani hazijawaka tangu kiangazi. Hata mzimu ukipita huku kwetu unajikwaa."

Darlene akacheka kwa moyo. "Nzuri sana hiyo! Umesikia, Verna?"

"Nimesikia," Verna alisema, akaweka sindano chini. "Darlene, huyu umemwona anatambaa kwenye zulia hili. Atapita na mimi, nimemshika mkono."

"Namjua, na nampenda. Ndiyo maana inaniuma. Lakini nikimpa yeye, nitamwambia nini wa pili atakayekuja?"

"Mwambie apite."

Darlene alicheka tena, akidhani na hicho ni kichekesho, akampapasa Verna bega, akaenda nyumba ya jirani.

Junie alilivuta donge la uzi mpaka likamponyoka na kubingirika chini ya kabati.

"Nikivaa kindi?" aliuliza.

"Watashika mkono kwanza."

"Kindi mkubwa?"

"Watashika mkono mkubwa."

"Basi kichekesho changu kitaoza." Junie alivuta kamasi. "Kikilala mpaka mwakani, mtu mwingine atakitunga."

Gus alishuka mezani kwa kupitia kiti, vazi likiburuza nyuzi, akaenda akasimama mbele yake.

"Nifundishe," alisema.

Junie alimtazama. Kisha akapangusa pua kwa mkono wa sweta, maana alikuwa mtu wa kazi kama bibi yake.

"Usikimbilie mwisho. Ukishasema 'mara moja', nyamaza. Mwache mtu ajikune."

"Ajikune wapi?"

"Popote. Na usicheke wewe. Ukicheka wewe kwanza, umekwisha."

Walikirudia mpaka wakati wa kula. Verna alimaliza punje za tumbo wakiwa wanabishana kuhusu neno "soksi," ambalo Gus alilitamka kwa taabu kwa sababu ya pamba.

Jioni ya Usiku wa Waombaji haikuwa na upepo. Renae, mama yake Junie, alikuwa zamu kwenye kiwanda cha kufunga mayai, kwa hiyo Junie alishinda kwa bibi yake, jambo ambalo kamati haikulikataza. Aliketi kibarazani amejifunika blanketi, kikombe cha sharubati ya tofaa ya moto mikononi. Kwenye kona alisimama Merle, jirani mwenye fulana ya kung'aa, akiangalia mikono ya watoto. Alimwinamia Gus, akaangalia bangili, akasema, "Pita, bwana mdogo. Angalia magari, huonekani vizuri."

Gus alianza na upande wao wa barabara. Mlangoni alikuwa akisimama wima, ganda moja likimwanguka usoni, na Junie alihesabu kimoyomoyo: sasa anauliza, sasa ananyamaza, sasa mtu anajikuna. Kisha kicheko kilitoka ndani ya nyumba, kikaja mpaka kibarazani. Nyumba iliyofuata, vivyo hivyo. Kwa mama mwenye mbwa, mbwa naye alibweka.

"Kwa huyo amekimbilia kidogo," Junie alisema.

"Ana woga," Verna alisema. "Atazoea."

Mwishowe Gus alivuka barabara, akaangalia kulia na kushoto, akapanda ngazi za Arvid Solum moja baada ya nyingine, jambo lililochukua muda. Junie alisimama. Blanketi likaanguka.

Taa ya mlangoni iliwaka. Arvid alitoka na bakuli, mrefu, mwembamba, uso wake kama mtu anayesubiri basi. Gus akasema aliyoyasema. Akanyamaza. Arvid akakuna sikio.

Gus akamaliza.

Arvid hakusema kwamba ameshaisikia. Alisimama tu. Halafu kifua chake kikafanya kitu kama trekta la zamani asubuhi ya baridi: kikakohoa, kikakataa, kikakohoa tena, kisha kikawaka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alicheka mpaka Merle akageuka kule kwenye kona na watoto waliokuwa ngazini kwa jirani wakasahau kugonga.

"Ya nane!" Arvid alisema. "Ya nane, masikini! Nani amekutungia hiyo?"

Gus alinyoosha mkono kuvuka barabara. "Yule pale."

Arvid alitazama. Akapunga mkono, mkono wote, kama mtu anayeaga meli. "Nimeisikia kwa mara ya kwanza!" alipaza sauti.

"Nilijua!" Junie alijibu kwa sauti, akiruka mpaka mbao za kibaraza zikalia.

Arvid alishika bangili kwenye mkono wa Gus, akaiangalia kwa miwani, akamtilia chokoleti kubwa. Akashika chokoleti ya pili, akaiangalia, akamtazama Junie ng'ambo, akaangalia mikono yake isiyo na bangili, na akairudisha bakulini, kwa kuwa utaratibu ulikuwa chokoleti moja kwa bangili moja na yeye mwenyewe aliunga mkono kwenye kikao. Akafunga mlango, na kupitia dirishani waliendelea kumwona mabega yakimtikisika.

Gus alirudi akiburuza mfuko. Aliumwaga wote miguuni mwa Junie, isipokuwa karanga, ambazo aliomba abaki nazo.

"Ulisema 'soksi' vizuri?" Junie alimwuliza.

"Karibu vizuri."

"Alishika wapi alipocheka?"

Alitaka kusimuliwa upya tangu ngazi ya kwanza, na Gus alimsimulia. Alipofika mwisho alitaka tena.

Kulipokucha walikuwa wamejaa kibarazani. Habari ilikuwa imeshuka darajani usiku ule ule, kwa njia ambazo habari za watoto hupita. Kulikuwa na twiga wa kitambaa aliyefifia madoa, dubu wa jicho moja, kobe mwenye zipu, na wengine nyuma yao mpaka kwenye sanduku la barua. Walikuwa wamevuka daraja kwa miguu, mmoja nyuma ya mwenzake, pembeni kabisa ya barabara kwa ajili ya usalama. Kila mmoja alikuwa na mswaki au kitu kinachofanana na mswaki.

"Tunahamia," twiga alisema. "Kama kuna nafasi."

"Kuna kochi," Verna alisema, "na chumba cha nyuma nikitoa mitungi. Panguseni miguu."

Darlene alifika kabla ya saa sita kuwakaribisha. Aliwapa mkono wote. Aliwaeleza siku ya taka na wapi pasiegeshwe magari, akafurahi kwa dhati, akasema mtaa ulikuwa umeanza kuzeeka na unahitaji sura mpya. Bangili za mwakani aliwaahidi papo hapo, kwa kuwa sasa ni wakazi. Alipofika kwa Junie, aliyekuwa ameletwa tena asubuhi na sasa yuko katikati yao na tepu ya kupimia shingoni, akainama na kumwuliza kwa upole, "Na wewe, mpenzi, nani anakuja kukuchukua kabla giza halijaingia?"

"Mama," Junie alisema.

"Vizuri."

Mchana kutwa Junie alishika tepu, Verna akapima. Dubu alitaka kuwa daktari. Kobe alikuwa amebeba kichekesho cha mtoto anayemmiliki, aliyebaki chini ya daraja, na alikisema polepole kiasi kwamba walikula chakula cha mchana katikati yake na hawakukosa kitu. Junie alikaa naye kwenye ngazi, akamsahihisha mahali pa kunyamaza. "Hapo umenyamaza vizuri," alimwambia, "lakini sasa endelea." Watu wa nyumba za jirani walipita wakicheka bila kujua wanachekea nini.

Gari la Renae lilipopiga honi, Junie alimkumbatia Gus, akawaaga wageni mmoja mmoja, akashuka. Verna alisimama mlangoni mpaka taa nyekundu za gari zikavuka daraja na kuingia kusikokuwa na taa.

Kisha akarudi kwenye kiti chake. Twiga alikuwa amechagua kuwa mnara wa taa, mistari myekundu na myeupe, na Verna safari hii alianza na kipande cha kujaribia. Alifuma mpaka vidole vikaanza kukaza. Alikuwa amefika nusu ya shingo.

"Unanibana?" twiga aliuliza.

"Kidogo. Sema tu kama inakukwaruza."

"Haikwaruzi. Mwenyewe wangu, yule mtoto wa kule chini, aliniambia nikuulize: mtoto naye akileta mswaki, kuna nafasi?"

Verna alihesabu vitanzi mpaka mwisho wa mstari, akachomeka sindano mahali alipofikia, akalibingirisha donge la uzi chini ya kiti.

"Nitamwuliza Darlene tena," alisema. "Kesho tumalize shingo kwanza."