Kinanda cha Vitufe Ishirini na Tano

Mume wangu wanamwita Vidole. Jina hilo alilipata kwenye kumbi za sherehe, enzi zile alipokuwa akipiga kinanda tangu wageni wanaingia hadi viti vinakunjwa, na mpaka leo mwenye nyumba wetu hajui jina lake jingine. Kisha akapata kiharusi. Ulimi umerudi, mguu umerudi, mkono wa kushoto bado. Wote nyumbani husema hivyo, "bado", na mimi nasema nao.

Ila mimi nilikuwa najua zaidi. Siku tunatoka hospitali daktari alinivuta pembeni akaniambia mkono ule tusiutegemee tena. Nikamwambia asante, nikaulizia teksi zinaegeshwa wapi. Toka siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino: nashona, napika, nacheka panapochekwa, wala siumii. Kumwambia mume wangu nilikuwa nakusogeza mbele, kila siku kesho.

Wazo la studio lilikuwa lake mwenyewe. "Vijana wanatengeneza nyimbo chumbani wamevaa kaptula," alisema, "mimi nimeshindwa nini?" Tukakigawa chumba changu cha kushonea. Cherehani ikasogea dirishani, meza yake ikakaa ukutani. Nikaipima kwa utepe, kisha nikampima na yeye akiwa ameketi, umbali mkono wake wa kulia unaofika bila kuinuka. Alicheka, akauliza kama namshonea suti.

Dukani nilikwenda na shemeji, mdogo wake, fundi umeme mwenye maneno mengi kuliko nyaya zake. Muuzaji alikuwa kijana mpole, miwani imemshuka puani.

"Mwanzo usijaze vitu, dada," akaniambia. "Laptopu mnayo? Basi bado programu ya kurekodia, maiki moja, kisanduku cha kuunganishia maiki na laptopu, hedifoni na kinanda. Spika ziache kwanza. Chumba cha kawaida kinarudisha mwangwi, zitamdanganya. Hedifoni hazimdanganyi."

Programu akashauri tuanze na ile ya bure, tusije tukanunua mlima wa vitufe ambao hatutaupanda. Maiki akachagua ile isiyodaka kila kitu, maana nilimweleza kuhusu cherehani. Mpaka hapo hata shemeji alikubali, jambo ambalo si la kila siku.

Tukafika kwenye vinanda. Vile vya kuchomeka kwenye laptopu havina sauti vyenyewe; sauti inatoka kwenye programu. Kulikuwa na kirefu cha vitufe sitini na moja, na kifupi cha ishirini na tano.

"Kirefu hicho," shemeji akasema. "Kaka ni mpigaji, si mtoto wa chekechea."

"Anapiga mikono miwili?" muuzaji akauliza.

"Mmoja," nikasema.

Lilitoka hivyo tu, kavu. Shemeji akadakia kwamba ni kwa sasa, mkono uko mazoezini. Muuzaji akaitikia kwa kichwa, lakini alikuwa ananitazama mimi. Akanionyesha kwamba kile kifupi kina kitufe cha kushushia noti ziwe nzito: mtu anapiga wimbo kwanza, anarekodi, kisha anashusha chini na kupiga besi kwa mkono uleule, na programu inaviunganisha. Msikilizaji hatajua kama ni mkono mmoja.

Mimi ni fundi cherehani. Wateja huniletea vitambaa wakitaka nguo ya mwili watakaokuwa nao wakishapungua, nami hukataa. Nashona mwili uliopo. Nikatoa utepe, nikapima kile kifupi. Kilienea mkono wa kulia barabara, na nikajiona nimefanya kazi nzuri.

"Hiki," nikasema.

Shemeji alinuna njia nzima.

Nyumbani Vidole alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya mapokezi. Alifungua kila boksi kwa meno na mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. Maiki akaisifu. Hedifoni akazijaribu, akatuuliza kama anafanana na rubani. Kinanda akakitoa mwisho, akakiweka mezani.

Akakiwekea mkono wa kulia. Kisha kwa mkono huohuo akaunyanyua wa kushoto kutoka mapajani, taratibu, akautafutia mahali kando ya mwenzake. Hapakutosha. Kiwiko kikaning'inia nje ya meza.

"Na huu utakaa wapi?" akauliza.

"Ukipona tunanunua kirefu, kaka!" shemeji akasema haraka. "Mimi nilimwambia!"

Vidole hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wangu nilijua hauna kitu cha kumpa.

"Daktari alikwambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Uongo nilikuwa nao tayari, nimeuzoea. "Alisema tusiutegemee," nikamjibu.

"Lini?"

"Siku tunatoka."

Shemeji alisema, "Shemeji, kumbe ulijua?" Hakungoja jibu. Alitoka, tukausikia mlango wa mbele.

Vidole aliurudisha mkono mapajani, akaulaza vizuri kama anamlaza mtoto. "Yaani ungeniambia kwa mdomo," akasema. "Duka zima limejua kabla yangu."

"Nilishindwa."

"Haya. Nichomekee."

Nikachomeka waya, nikafungua programu kama muuzaji alivyonielekeza. Akavaa hedifoni akaanza kupiga. Sikusikia wimbo wowote, ila mlio wa plastiki, ta, ta, ta, vidole vitano vikipanda na kushuka kwenye kile kidude nilichompimia. Hata sikujua kama anapiga kitu cha furaha au cha msiba. Miaka yote nilikaa kwenye kumbi zile nikisikia kila alichopiga, na leo nimekaa nyuma ya kiti chake sisikii kitu.

Hapo ganzi ikaniishia. Iliuma kifuani, iliuma hadi mikononi. Nikalia kwa sauti kubwa, bila kujizuia, kwa vile nilijua masikio yake yamezibwa.

Vidole vikasimama. Akavua hedifoni, akaziweka mezani bila kugeuka. Nikaziba mdomo kwa kitambaa cha mteja.

"Lia tu, mke wangu," akasema. "Wewe una miezi na habari hii. Mimi ndiyo kwanza naambiwa."