Rangi ya Upepo

Tangu Nyakio akabidhiwe ile kompyuta ya upepo, hakuna ndege iliyowahi kuanguka katika kiwanja cha shamba la maua la Sachin. Sifa hiyo aliitangaza hadi mtaa wa Karagita. Alichoacha kutangaza ni kwamba kompyuta ilifika Jumatatu, leo ni Alhamisi, na ndege ya kwanza ndiyo hii inayonguruma juu ya ziwa.

"Mama Nyakio, nakuja chini," redio ikasema. Ni Balbir, rubani. "Skrini iko rangi gani?"

Kazi ya skrini ilikuwa kuchora hewa yenye misukosuko kwa rangi, rubani aikwepe. Siku zote tatu ilikuwa kijani tupu. Sasa ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri iliyokaa kwenye moto wa kuni.

Asubuhi Nyakio aliifunika yote, kioo na sanduku lake, kwa kitambaa cha maua alichokifuma mwenyewe, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyofunika televisheni yake. Sasa akiwa amekivua, akaigusa: moto kama pasi. Ilikosa pumzi, ikazima.

Nje, Sachin alikuwa akitembea huku na huku juani. Januari hiyo ya ghasia za uchaguzi barabara zilijaa mawe na matairi yanayowaka, ndiyo maana mkewe Ankita alikuwa akirudi kwa ndege hii na mtoto wa siku tisa. Jumatatu Sachin ndiye aliyemuuliza Nyakio, "Mama, skrini unaweza kusoma?" Naye, aliyeishia darasa la nne, akajibu, "Kama gazeti." Asiyeweza angeachishwa kazi.

"Mama! Rangi gani?" redio ikauliza tena.

Nyakio akakimbilia mlangoni na maikrofoni, waya ukanyooka karibu kukatika. Mwisho wa uwanja nguzo ya vumbi ilikuwa imesimama, nyembamba kiunoni, inacheza. Ngoma cia aka, mamake angesema, pepo wa kike, kisha angetema mate. Nyakio hakuwa na mate.

"Nyekundu!" akapiga kelele. "Nyekundu kabisa! Usishuke, panda juu!"

Ndege ikainua pua. Bawa moja likalala, na moyo wa Nyakio ukalala nalo. Likainuka. Balbir akazunguka, akazunguka tena, mpaka vumbi likachoka na kujimwaga kwenye ua wa senyenge.

"Sasa kijani," Nyakio akasema kwa sauti ndogo.

Ndege ikatua. Mtoto alilia, kilio kitamu. Nyakio akairudishia kompyuta kitambaa chake, mbio mbio.

Balbir aliingia, kilemba kimekaa upande. Nyuma yake Sachin, mtoto mkononi.

"Mama, umetuokoa. Uliona kwa skrini?" Balbir akauliza.

"Wacha! Kwa skrini, na macho haya mawili. Nyekundu kama nyanya."

Balbir akamtazama Sachin. Sachin akamtazama Nyakio.

"Mama," Balbir akasema polepole, "hiyo mashine haina nyekundu. Hapo upepo mbaya ni zambarau."

 Mbele yao, Nyakio akainua ncha ya leso yake, kama anayefuta kioo cha skrini, na kupangusa vumbi la kijivu lililojaa kwenye kope zake.