Gato ya Madamu

Kabla ya kwenda shambani, Mathilde alimfunika kuku kwa kitunga kikubwa cha pamba, akatupia majani ya ndizi juu yake, kisha akamgeukia bintiye.

"Polisi ya chefu akikuya, sema kuku ilikufa. Ile mayai sita nataka itoke vifaranga. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," alisema Marcelline.

Alisikia, ndiyo, ila moyo wake ulikuwa juu kilimani, kwenye gîte, nyumba ya Wazungu wa safari. Bwana Agronomu, yule mkaguzi wa pamba, alikuwa ameingia kijijini kwao Lusangi jana yake pamoja na mkewe, Madamu. Safari iliyopita Marcelline alipeleka kuni huko, akamwona Madamu akikata kitu cha manjano walichokiita gato. Harufu ilimfuata mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo ugali na sombe ya majani ya muhogo havikumpendeza tena, na usingizi wake ukawa wa kugeukageuka. Assumani, mpishi wa gîte na mtu wa Nyangwe, alikuwa amemwahidi: "Siku nikipika tena, lete mayai. Utalamba mwiko."

Musafiri, polisi wa chefu aliyetawala kijiji, alifika Mathilde akiwa ameshakwenda kwenye pamba, ile pamba ya lazima ambayo kila nyumba ilipimiwa kipande chake.

"Madamu anaomba mayai. Kila nyumba itoe mbili. Kuku yenu iko wapi?"

Marcelline alitazama miguu yake. Neno "ilikufa" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini bila mayai Assumani hapiki, na asipopika hakuna mwiko wa kulamba. Akili ya mtoto mwenye hamu haiendi mbali zaidi ya hapo. Akanyoosha kidole kwenye kitunga.

Musafiri hakuchukua mawili. Alitoa yote sita, eti kufidia majirani wasio na kuku. Kuku alipomdonoa mkono, alimsukuma kwa buti.

"Peleka wewe," akasema. "Mimi ningali na nyumba zingine."

Basi akayapeleka, akipanda kilima na mayai kwenye kitambaa, bado yana joto la kuku. Mara akimbie, mara asimame kuyahesabu. Jikoni Assumani aliyatia kwenye maji kuyapima, akapasua manne, akakoroga na unga, sukari na siagi. Gato ilipoingia motoni alimpa mwiko.

Marcelline alilamba. Akafumba macho, akalamba tena.

"Baba Assumani, hii utamu ni ya nini?"

"Sukari."

"Hapana. Sukari ninaijua. Ile ingine, yenye inabakia mu kinywa."

Mpishi alifikiri kidogo. "Ile ni yai, mutoto. Haujakula yai?"

Hakuwahi. Wanawake wa kwao hawakula mayai tangu zamani, na wanaume nao walikoma tangu gîte ijengwe. Kuku wa Lusangi walitagia kilimani. Marcelline aliuweka mwiko chini polepole. Uchungu ulimshika, na hasira. Aliyatazama mayai mawili yaliyobaki, akamtazama Assumani. Mpishi akampa mgongo Marcelline pamoja na yale mayai, akachochea moto kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Njiani akirudi, Marcelline alikutana na Musafiri.

"Umefikisha yote?"

"Yote," alijibu, mikono ndani ya kitambaa, akapita.

Mathilde aliporudi, mgongo ukimuuma, aliinua kitunga. Kuku alikuwa ameketi juu ya mayai mawili.

"Nani aliwaonyesha?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka kuonja gato." Alianza kulia. "Gato ni mayai yetu. Hakuna kingine."

Mkono wa Mathilde ulikuwa umeshapanda juu, tayari kwa kofi. Ulibaki hapo. Kisha akaushusha, akakaa chini kando ya kitunga na pamba ingali imemganda kwenye nywele.

"Na yai," aliuliza kwa sauti ya chini, "utamu yake iko namna gani?"