Kadi ya Mwalimu Salu

Mwalimu Salu wa Bariadi alikuwa wa kwanza shuleni kwao kupata kadi ya benki. Huo ulikuwa mwaka 2003. Alipokuwa akijiandaa kwenda semina Dar es Salaam, mkewe Nyanjige alimwambia, "Baba Goodness, weka na noti kidogo pembeni. Njiani kuna mengi."

Salu alicheka. "Nizishonee kwenye suruali? Hayo ni mambo ya wauza ng'ombe."

Huko Dar alipanga chumba kimoja na Athanasi, mwalimu wa Maswa, ambaye kweli alikuwa ameshonea noti zake kwenye pindo la suruali. Salu alimtania mbele ya wenzao, wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Athanasi naye alicheka kidogo, kisha akatoka nje.

Semina iliisha Ijumaa. Jumamosi mchana Nyanjige alipiga simu gesti.

"Mayu amezidiwa," alisema. Mayu ni mama yake Salu. "Anakuita wewe tu. Njoo."

Salu alikimbilia kwenye mashine ya benki atoe nauli. Namba za siri zikamchanganyikia. Akakosea mara moja, akakosea tena. Badala ya kutulia azikumbuke, akabonyeza mara ya tatu. Mashine ikaimeza kadi.

"Mpaka Jumatatu, mzee," mlinzi alimwambia.

Alirudi gesti. Athanasi alikuwa anapiga pasi.

"Nyumbani kwema?"

"Kwema," Salu alijibu.

Alitaka kusema. Akakumbuka kile kicheko, akaacha. Basi la Jumapili alfajiri likaondoka bila yeye.

Athanasi aliporudi kutoka kanisani alimkuta ameketi kitandani, viatu miguuni, analia. Ndipo Salu akamweleza yote. Athanasi alitafuta wembe, akaanza kufumua pindo la suruali.

"Ungeniambia jana, mwalimu," alisema taratibu, akampa nauli.

Salu aliondoka Jumatatu alfajiri, akalala Shinyanga, akafika Bariadi Jumanne saa sita. Kutoka barabarani aliona watu wamejaa uani kwao, wanaume wameshika majembe.

Dada yake, Milembe, alimpokea mkoba. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Alikungoja mpaka jana jioni," alisema. "Kila gari likipita anauliza, 'Huyo si Salu?' Kwani basi la Jumapili lilijaa?"

Angeweza kusema lilijaa. Hakuna ambaye angemkatalia.

"Halikujaa, dada. Kadi ilinasa, na nauli alikuwa nayo mwenzangu chumbani. Niliona aibu kumwomba."

Milembe hakumlaumu wala hakumfariji. Alisogea tu mlangoni, akampisha aingie kumwona mama kabla hawajafunika jeneza.