Sauti ya Wifi

Wanafunzi walimbandika jina la Irabu, likamganda hadi walinzi wa getini nao wakawa wanamwita hivyo. Alikuwa mwalimu wa matamshi chuo kikuu, na ole wake aliyemeza irabu ya mwisho mbele yake. Angelirudia neno hilo darasa zima likisikiliza. Lakini maabara ya sauti ilikuwa na kufuli tangu mashine zilipoharibika, na cheo alichoahidiwa mwaka huu kiliahidiwa tena mwaka uliofuata. Kampuni moja ya simu ilipotafuta mtaalamu wa sauti, alipiga moyo konde, akaaga. Alikuwa anagonga hamsini.

"Wenzako wanafikiria kustaafu, wewe ndiyo kwanza unavishwa kitambulisho shingoni," mumewe alimtania.

Aliyefurahi kuliko wote ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye alikuwa akipokea simu za wateja katika kampuni hiyohiyo. Ndiye aliyemdokeza kwamba nafasi ipo. Siku ya kwanza alimsubiri mlangoni, akamtembeza meza kwa meza. "Huyu ni wifi yangu. Daktari huyu, ila si wa sindano, wa maneno. Mkibananga lugha mbele yake shauri yenu!"

Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza simu za wateja zilizorekodiwa na kuweka alama: hapa sauti imepanda, hapa imelainika, hapa mhudumu amenyamaza makusudi. Kwa alama hizo mashine ingejifunza kuongea na watu. Irabu aliipenda. Vifaa vilikuwa vizima, chumba kilikuwa kimya, na hakuna aliyemwita kwenye kikao cha kupanga kikao kingine.

Siku moja meneja wa mradi, mama mpole asiyejua kufoka, alikuja na kiti chake akaketi karibu. "Nataka mhudumu mmoja tumfanye kielelezo. Yule anayewamudu wateja wenye hasira. Mashine ikimuiga huyo, itaanza kupokea simu yenyewe."

"Na wanaopokea sasa?"

"Hilo liko kwa wakubwa," meneja akasema, akaangalia pembeni.

Rekodi hazikuwa na majina, lakini Irabu hakuhitaji jina. Kwenye mojawapo mwanamume alikuwa anatukana, na sauti ya kike ikamjibu, "Pole sana, baba. Niambie polepole, nipo." Ni wifi yake, yuleyule ambaye nyumbani hugombana hata na sufuria. Aliyemfuata kwa ubora hakuwa mbaya. Angeweza kumtaja huyo, na hakuna ambaye angejua. Lakini maisha yake yote alisahihisha mitihani, na hakuwahi kumpa wa pili alama za wa kwanza.

"Huyu," akasema.

Kisha akafanya jambo lililomkera zaidi baadaye. Alimwalika wifi yake chakula cha mchana kwenye kantini, akamuuliza anafanyaje.

"Mteja akifoka, usimwambie atulie, wifi. Atapasuka! Muulize jina, halafu kaa kimya kidogo. Kimya hicho ndicho kinachomrudisha." Wifi akasogeza sahani. "Kwani huko kwenu mnatengeneza nini hasa?"

Irabu akajifuta mdomo. "Kitu cha kuwapunguzia mzigo."

"Afadhali! Masikio yanatuuma."

Mzigo ulipunguzwa kweli. Wahudumu waliitwa kantini hiyohiyo, wakashukuriwa kwa utumishi wao, na zaidi ya nusu wakamwaga unga. Wifi alikuwa miongoni mwao. Irabu aliwaona kwenye ngazi wakibeba vikombe vyao na viatu vya kubadilishia. Alirudi ndani akavaa spika za masikioni bila kusikiliza chochote.

Jumapili wifi alifika nyumbani. Hakuketi.

"Ulijua?"

"Nilijua kuna mashine. Sikujua watu wangapi."

"Uliuliza?"

Irabu akatikisa kichwa.

"Siku ile tunakula, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

"Dada, kaa kwanza," mumewe akaingilia. "Angefanyaje? Naye kaajiriwa tu."

Wifi hakumwangalia. Alimgeukia Irabu, na sauti ikamtoka laini, nyororo, ya mtu anayeongea na asiyemfahamu. "Nashukuru kwa maelezo yako, mama. Kuna lingine ninaloweza kukusaidia?"

Mumewe alicheka, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. Wifi akachukua mkoba wake, akaondoka.

Wiki ile Irabu alimwomba meneja aitoe sauti ya wifi kwenye mashine. Meneja alimweleza kwa upole kwamba haitoki. Imeshachanganyika na nyingine, hakuna anayeweza kuonyesha hapa ni ya nani. Akaenda chuoni. Mkuu wa idara alimkaribisha kwa furaha, akamsimulia habari za kila mtu, kisha akasema nafasi yake ilifutwa alipoondoka. Labda somo moja moja, la kulipwa kwa saa. Irabu alisimama kidogo kwenye korido akisikiliza darasa likiitikia, kisha akarudi kazini, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, na kwa kuwa, japo hakumwambia mtu, kazi yenyewe bado aliipenda.

Wifi alipata kazi ya mapokezi kwenye zahanati. Wakikutana kwenye shughuli za ukoo wanapeana mikono na kuulizana hali. Jumapili mume wa Irabu huwachukua watoto wao akaenda nao kwa dada yake, na jioni hurudi akasema, "Wifi yako anakusalimu."

"Nimezipokea," Irabu hujibu. Hajawahi kumuuliza kama kweli salamu hizo zimetumwa.